Mikono ya Msimamizi Fisi

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na kupanga nyumba, palikuwa na kiwanda cha viatu cha Mzee Kiboko. Msimamizi wake alikuwa Fisi, na mikono ya Fisi haikutulia.

Asubuhi moja Kindi, fundi wa soli, alimkuta mwenzake Swala akilia chooni.

"Fisi?"

"Aliniita stoo, akanishika. Nilipomsukuma akasema leo ndiyo mwisho wangu hapa."

"Twende kwa Mzee Kiboko!"

"Nimetoka huko. Eti Fisi ni mtu wa heshima, mimi namsingizia."

Kindi alirudi mezani. Tangu jana Fisi alikuwa akimkodolea macho yeye. Akachovya brashi kwenye kopo la gundi ya soli, akaipaka aproni yake kiunoni, kulia na kushoto.

Ko! Ko! Ko! Viatu vikasimama nyuma yake.

"Kindi mrembo, njoo stoo unisaidie kupanga ngozi."

Kindi akamfuata. Mlango ukafungwa, kwaa!

"Niache, bosi. Sitaki."

"Hutaki? Na kazi, nayo huitaki?"

Fisi akamdaka kiunoni kwa mikono miwili. Nda! Kindi akataka kupiga kelele, akajizuia. Akasimama tuli, amebana pumzi, mpaka gundi ikashika.

"He! Nini hii? Niachie!"

"Nikuachie mimi? Nani kamshika mwenzake?"

Kindi akafungua komeo, akatoka mbio. Fisi nyuma yake anajikwaa, puu, puu, katikati ya mashine, hadi ofisini kwa Mzee Kiboko.

"Mzee, niliteleza!" Fisi akahema. "Nimemgusa kwa bahati mbaya!"

"Kwa mikono yote miwili?" Kindi akauliza.

Mashine zikanyamaza. Swala akasogea mlangoni. "Na kwangu uliteleza?"

"Na kwangu?" akadakia fundi Kanga.

"Na kwangu?"

Sauti zikazidi. Kiboko akainamisha kichwa. "Swala, nisamehe. Ulinieleza nikaziba masikio. Rudi kazini. Wewe Fisi, toka!"

Kindi akafungua kamba za aproni, akajichomoa. Fisi akaondoka nayo mikononi, wote wakimtazama.

Basi wanangu, shikeni hili: mwili wako ni wako, na aibu ni ya anayeugusa bila ridhaa yako.