Wembe Ndani ya Ombwe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakiwa yameilowesha Mbeya tangu alfajiri, watu watatu walisimama mbele ya tangi la chuma lililonyonywa hewa yote, wakisubiri nuru isiyotaka kutokea.

Walikuwa wakiunda mashine ndogo ya kuzipa elektroni kasi, ya kutibia wagonjwa, ili itoshe katika chumba kimoja cha hospitali. Leza hupiga gesi. Gesi hugeuka plazima, yaani elektroni zake hubanduka. Ndani ya plazima hukimbia wimbi. Elektroni ikilidandia, milimita tatu huitosha kupata kasi ambayo kwingine ingehitaji mita nyingi. Hadi jana yake mipigo mia sita na kumi na moja ya leza ilikuwa imepita. Hakuna elektroni iliyodandia.

Mama Tumpe, mkuu wa maabara, alikwishatamka: “Mwale wa elektroni ukipatikana leo, saa kumi kamili nitapeleka hospitali jina moja la msimamizi wa mashine. Wawili watakaobaki, mikataba yao inaisha Ijumaa.”

Mpigo uliofuata, wa kwanza siku hiyo, kioo kinachopokea elektroni kiling’aa kijani. Vigelegele! Walipofungua tangi, waliona wembe umeegemea mdomo unaopuliza gesi.

Fundi Lwitiko alijipiga paji la uso. “Wangu huo! Jana jioni niliutumia kupima upana wa mwanga wa leza, nikafunga bila kuutoa.”

“Mzee, umetusahaulia wembe ndani ya ombwe?” aliuliza Atupele, mhandisi wao. “Unatania au unatuaga?”

Waliutoa wembe: mipigo kumi, giza. Waliurudisha kwa kukadiria: mipigo kumi, giza. Atupele alizunguka meza, akaketi, akasimama tena.

Ndipo Ambilikile, mtu wa hesabu, aliyekuwa ameinamia kompyuta tangu wembe uonekane, aliposema: “Ukingo wake unakata mkondo wa gesi: huku nzito, kule nyepesi ghafla. Hapo wimbi huchelewa kidogo, elektroni ikapata kudandia. Uwekeni sehemu saba kati ya kumi za milimita kutoka ukingoni mwa mdomo.”

Wakauweka. Mipigo ishirini, kioo kiling’aa mara ishirini.

Furaha haikumaliza hata chai.

“Mdomo wa gesi niliuchora mimi,” alisema Atupele. “Miaka minne! Mara tisa niliutupa nikaanza upya. Bila gesi yangu, wembe huo ni wa kunyolea ndevu.”

“Gesi yako imepuliza mara mia sita na kumi na moja, mwanangu, ikapuliza bure,” Lwitiko alijibu. “Mwale wa kwanza umetoka mkononi mwangu. Tena ningeweza kuuchomoa wembe nikanyamaza. Nani angejua?”

“Ulikiri kosa, mzee, hukukiri ugunduzi,” alisema Ambilikile. “Mwale mmoja ni bahati, ishirini ndiyo mashine. Mgonjwa atatibiwa kwa bahati?”

“Na wewe, kaka, kabla ya wembe ulikuwa umehesabu nini?” Atupele alimuuliza.

Ambilikile aliinamia tena kompyuta yake.

Mama Tumpe aliwasikiliza kwa zamu, kisha akawasikiliza tena. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Karatasi ya kupeleka hospitali ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina.

Enyi mliosikiliza, msiniangalie mimi. Je, kati ya yule aliyechora, yule aliyesahau na yule aliyeelewa, nani alistahili mstari ule, ilhali dakika zilizosalia kufika saa kumi ni sita?