Hodi Isiyotaka Karibu

Paukwa!

Pakawa!

Leo ngano yangu ina mlango, na mlango una adabu zake. Nikisema hodi, nyinyi semeni karibu. Hodi!

Karibu!

Hodi!

Karibu!

Vyema. Msije mkanilegea njiani.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limekwenda na wenyewe, paliondokea ajuza mmoja akiitwa Bi Mwajabu. Hakuwa mpiga ramli, wala hakuuza hirizi. Kazi yake ilikuwa kutembea. Jua likichomoza, kikapu kichwani, pa, pa, pa, nyumba hadi nyumba. Hodi!

Karibu!

Anaingia. Anafunua mtungi, ananusa maji. Anatazama kitovu cha mtoto mchanga. Anafungua kidonda cha mzee, anakiosha, anakifunga. Akikuta choo kimechimbwa karibu na kisima, anasimama papo hapo mpaka mwenye nyumba ashike jembe akakifukie. Akisikia watu wawili wanaharisha upande mmoja, anazunguka kijiji kizima: "Chemsheni maji! Jamani, chemsheni maji!" Na aliyoyaona ndani ya nyumba ya mtu aliyaacha mumo humo. Ungemtoa jino kabla hujamtoa siri.

Watu wakamwuliza, "Bibi, kwa nini usikae kwako, wagonjwa wakufuate?"

Akajibu, "Anayeweza kunifuata ana miguu. Mimi namtafuta asiye na miguu."

Sasa Bi Mwajabu alikuwa na mwanafunzi, mwanamke mzima, jina lake Siwema. Siwema aliachwa na mumewe kwa kutozaa. Alikuwa na mikono miepesi, na kwa kupokea watoto hakuwa na mfano. Alipenda kazi ile kuliko kula.

Siku moja kisimani, wanawake wamejipanga na ndoo zao, Chausiku akafungua kinywa. Chausiku alikuwa mja mzito, na ulimi wake ulikuwa haujui kulala. Akasema, "Siwema, wewe kushika watoto wa wenzio ni kama kuonja mchuzi wa jirani. Chungu chako kimepoa tangu lini?"

Wanawake wakacheka. Kwa, kwa, kwa!

Wewe uliyekaa pale nyuma, unacheka nini? Siwema hakucheka. Alijitwika ndoo yake, akaenda mbio, na maji yakamwagika njia nzima. Neno lile akalimeza, likakaa.

Mwezi ukapita. Chausiku akajifungua salama mikononi mwa Bi Mwajabu, mtoto wa kike. Lakini siku ya tatu goti la ajuza likavimba, hata hakuweza kusimama. Akamwita Siwema.

"Mwanangu, leo miguu yangu ni wewe. Nenda kwa Chausiku. Mtazame joto, mtazame damu, umwangalie mtoto kama ananyonya. Mume wake yuko safari ya chumvi, na majirani wamehamia mashambani kuamia ndege wasile nafaka. Hana mtu."

"Sawa, Bibi."

Siwema akaenda, pa, pa, pa. Nyumba ya Chausiku ilikuwa ya mwisho, ng'ambo ya kijito. Alipofika mlangoni, lile neno la kisimani likampanda kooni. Akasimama. Akatazama nyuma. Akatazama mbele. Na desturi mnaijua: mgeni ana hodi tatu, asipojibiwa arudi zake, wala halaumiwi.

Basi Siwema akapiga hodi.

Nyamazeni! Msijibu. Hii si hodi ya kujibiwa.

Hodi… hodi… hodi…

Aliitoa kwenye pumzi tu. Kuku aliyekuwa akilalia mayai pale mlangoni hata hakuinua kichwa. Siwema akageuka, akarudi, na moyoni akajisifu kwamba adabu ameitimiza.

Kesho yake akafanya vilevile. Hodi… hodi… hodi… Akarudi.

Siku iliyofuata Bi Mwajabu akamwuliza, "Chausiku hajambo?"

Siwema akasema, "Nimekwenda mara mbili, Bibi. Nimepiga hodi tatu kila mara. Hapakujibu mtu. Labda yuko kwa ndugu zake."

Hapo uongo uko wapi? Hakuna. Kila neno la kweli.

Ajuza akasema, "Toka nje. Nipigie hodi kama ulivyompigia."

Siwema akatoka, akapaza sauti. "Hodi!"

"Ndivyo ulivyopiga?"

Siwema akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nipigie ile uliyompigia Chausiku."

Siwema akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena. "Hodi…"

Hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida. Uso ukamwaka moto. Mwanamke mzima alitamani ardhi ipasuke ajitie humo, amfukie hata yule kuku aliyekuwapo mlangoni.

Bi Mwajabu hakumgombeza. Alisema neno moja tu: "Nipe bega."

Wakaenda. Goti lile bovu likilia, ka! ka! ka!, na kila ka! ilimwingia Siwema mbavuni. Alitaka kusema, Bibi rudi, nitakwenda mwenyewe. Hakuwa na uso wa kusemea. Wakavuka kijito, wakafika.

Bi Mwajabu akapiga, "Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Siwema akasubiri wageuke, kama ilivyo desturi. Ajuza akapiga ya nne. Akapiga ya tano. Akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Hodi ya mgeni ina hesabu," akasema. "Yetu haina."

Ndani, Chausiku alikuwa amelala chini, kando ya mtungi uliokauka. Mwili wake ulichoma kama chungu kilichotoka motoni. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Mtoto alilia, nye… nye…, sauti haina maji.

"Washa moto. Chota maji, yachemshe. Nipe kitambaa," alisema Bi Mwajabu.

Siwema akawasha, akachota, akachemsha. Akafua nguo zilizoganda damu. Akamtafutia mtoto mama wa kumnyonyesha huko mashambani, mbio kwenda, mbio kurudi. Siku tatu wakamkanda Chausiku, wakamnywesha, kijiko kwa kijiko. Na siku zote hizo ajuza hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angetukanwa angepumua.

Siku ya nne joto likashuka. Chausiku akafumbua macho. Bi Mwajabu akapiga lile goti bovu chini, mbele ya Chausiku, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akasema, "Mwanangu, siku mbili hatukukufikia. Kosa ni letu. Tusamehe."

Siwema akashindwa kuvumilia. "Si letu, Bibi, ni langu! Chausiku, mimi nilikuja. Nilipiga hodi ya chini ili usinisikie."

Chausiku alitazama paa.

"Nilikusikia," akasema.

Siwema akaweka kijiko chini.

"Nilikusikia, siku zote mbili. Nikasema karibu. Nikasema tena karibu. Sauti haikufika mlangoni. Nikasikia nyayo zako zinakwenda." Akageuza uso ukutani. "Nikajua ni wewe. Nikasema, hayo ni ya kisimani."

Wote wawili wakalia, kila mmoja kwa aibu yake, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Chausiku alipona, lakini mguu wa kushoto haukurudi kamwe. Alitembea akiuburura. Pa, kwaruu. Pa, kwaruu. Kijiji kilidhani ni mambo ya uzazi tu. Bi Mwajabu alikufa bila kumwambia mtu, na Chausiku, mwenye ulimi ule, naye hakusema hata siku moja. Aliyeisema siri hiyo ni Siwema mwenyewe. Kila alipopata mwanafunzi, kabla hajamwonyesha kikapu, alimsimulia haya, macho yake yakiwa chini.

Maana kikapu kilimwangukia yeye. Akakibeba mpaka akawa ajuza. Kila asubuhi alianzia nyumba ya mwisho, ng'ambo ya kijito, na hodi yake iliwatimua kuku mpaka juu ya mapaa. Kila asubuhi alisikia huko ndani, pa, kwaruu, pa, kwaruu, mwenye nyumba akija mlangoni.

"Karibu," Chausiku alimwambia. Miaka arobaini alimwambia hivyo, kwa wema, na neno hilo halikupita hata mara moja bila kumchoma Siwema.

Basi, nyinyi mtakaotumwa kwa watu, shikeni hili: aliyetumwa kwa mgonjwa hajafika mpaka amemwona mgonjwa. Mlango si mgonjwa.

Ngano yangu naitua hapo mlangoni. Hodi!

Karibu!

Mbona wengine mmejibu chini chini? Hodi!

Karibu!