Mpira Ulale kwa Nani?

Sogeeni. Mwenye magoti mazima akae chini, mwenye goti bovu apewe kiti, maana hadithi hii ni ya magoti. Na wa kuisimulia ni mimi, kwa sababu nilikuwepo, na chaki ilikuwa mkononi mwangu. Shule niliiacha darasa la sita, sikatai. Lakini kwa miaka ishirini nimeandika alama za mpira wa kikapu kwenye ukuta wa kota za reli, kule Morogoro, na hajatokea mtu na digrii yake akanikosoa hata moja.

Uwanja wetu ni wa saruji, goli moja, sheria moja. Mpira ni mmoja, na hulala nyumbani kwa mtu mmoja. Likichezwa pambano la kufunga msimu, yule aliyeleta ushindi huondoka nao. Jina lake naliandika kwenye tofali jeupe lililo juu ya ukuta, na msimu mzima unaofuata hakuna wa kumwacha nje. Utamwachaje, na mpira umelala chini ya kitanda chake?

Sasa, palikuwa na wazee watatu.

Wa kwanza ni Kobelo, fundi wa kuchomelea mageti, miaka hamsini na minane. Kipaji chake kilikuwa kusimama. Mnacheka. Kusimama mahali unapotaka wewe, wakati vijana wawili hawataki usimame hapo, jaribuni mwone. Goti lake la kushoto alilifunga kwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, na kila alfajiri alipanda na kushuka ngazi za kanisa mara arobaini ili lisizoee uvivu.

Wa pili ni Mwinjuma, fundi cherehani, hamsini na minne. Kipaji chake kilikuwa jicho. Mbio aliziacha zamani. Alisema mbio ni za watu wasiojua kulenga. Miwani aliifunga kisogoni kwa lastiki ya suruali. Kila siku kabla ya kufungua duka alirusha mpira golini mara mia, na ukiingia pungufu ya mara themanini hanywi chai. Siku nyingine tulimwona saa nne anashona huku midomo imemkauka.

Wa tatu ni Asteria, muuza maandazi, hamsini na mbili, aliyewahi kuuchezea mkoa. Kipaji chake kilikuwa kusoma watu. Pumzi ilishampungua, kwa hiyo aliitumia kama mafuta ya kukaangia, hakumwaga hata tone. Vijana wote wa pale walikulia kwenye maandazi yake. Alimjua mwenye pupa, alimjua mwoga, alimjua anayesema "nitakuja" na haji.

Jumamosi moja akaja Gadi, nahodha wa vijana, miaka ishirini na miwili, miguu mirefu kama mirunda ya ujenzi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," Kobelo akaitikia.

"Tumekaa tukaongea. Msimu ujao uwanja tunautaka wenyewe. Tunawaheshimu, ila mnatupunguzia kasi."

"Kasi ya kwenda wapi, mwanangu? Uwanja wenyewe hatua ishirini."

Gadi akacheka, lakini hakurudi nyuma. "Basi kesho tucheze la kufunga msimu. Watatu kwa watatu, wa kwanza kufika kumi na moja. Tukishinda, nyie mnakaa nje mnatupigia makofi. Mkishinda, mpira unalala kwenu, na yule ambaye utalala kwake tutacheza naye mpaka achoke mwenyewe. Ila huyo mmoja tu. Wengine wawili waje na viti."

"Tumekubali," wakajibu wote watatu kwa mkupuo.

Hapo ndipo walipokosea. Hakuna aliyeuliza huyo mmoja ni nani, kwa sababu kila mmoja alishajua kuwa ni yeye.

Jumapili, misa ya kwanza ilipotoka, ukuta ulijaa watu. Vijana waliruka, nakwambia, mpaka nikahisi watagonga waya za umeme. Walikwenda tano kwa moja. Wazee wakatembea. Wakatembea tena. Saba kwa tano. Tisa kwa nane. Nilipoandika kumi kwa kumi, chaki ilikatika. Mpira ulikuwa mikononi mwa vijana, na bao moja lilitosha kuwapeleka wazee wangu kwenye viti.

Gadi akaja nao, kasi ile ile ya kujisifia. Asteria hakumkimbiza. Alikwenda akasimama upande wa mkono wa kulia wa Gadi, akauziba kabisa. Tangu chekechea alimwona yule mtoto akipokea andazi kwa kulia na chenji kwa kulia, andazi likamponyoka na chenji ikamwagika, mkono wa kushoto uko mfukoni. "Pita kushoto, baba, njia nyeupe," akamwambia. Gadi akajaribu kushoto, mpira ukamgonga mguuni, Asteria akauokota. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya pasi moja. Akaitoa, mpira ukaenda mbali kwa Mwinjuma, na yeye Asteria akainama, mikono magotini, kazi yake imekwisha.

Mwinjuma ni mtu wa kuvuta pumzi mara mbili kabla ya kurusha. Vijana wanajua, kwa hiyo wawili wakamfuata mbio kabla hajavuta ya kwanza. Njiani wakamkuta Kobelo. Hakusukuma, hakushika, mikono ameikunja kifuani. Kijana wa kwanza akamgonga, akaanguka kitako mwenyewe. Wa pili akamgonga, na lile goti likalia kama bawaba isiyo na grisi. Nililisikia nikiwa ukutani.

"Mzee, toka," kijana akasema.

"Leo geti limefungwa," Kobelo akajibu, uso umemjaa machozi ya maumivu, na hakusogea hata unyayo.

Mwinjuma akavuta pumzi ya kwanza. Alipovuta ya pili, lastiki ikakatika, miwani ikaanguka. Bila miwani yule bwana hamtambui mkewe mlangoni. Mwinjuma hakuinama kuiokota. "Pete ya goli haijahama tangu nikiwa kijana," akasema, akarusha. Mpira ukapita katikati, haukugusa chuma.

Kumi na moja.

Gadi alikuwa muungwana. Akauleta mpira, akauweka kwenye mstari wa kati. "Haya wazee. Unalala kwa nani?"

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila mimi mpira mngeutoa wapi?" Asteria akasema. "Na nyie mna mageti, mna cherehani. Mimi siku sita naitwa Mama Maandazi. Hapa tu ndipo naitwa Asteria."

"Bila mimi ungefika wapi?" Kobelo akasema, ameshikilia mlingoti wa goli. "Goti hili leo nimelitoa sadaka. Nikilikalisha kwenye kiti msimu mzima, haliinuki tena."

"Bila mimi mngeandikiwa nini?" Mwinjuma akasema, akipapasa chini kutafuta miwani. "Kila mwaka macho yananipungukia. Nyie mtakuwa na msimu mwingine. Mimi sijui."

Mtu mmoja pembeni akasema wapokezane. Gadi akatikisa kichwa. "Hulala nyumba moja. Sheria mlitunga wenyewe kabla sijazaliwa. Na mlikubali mmoja."

Kweli walikubali. Basi Kobelo akachechemea hadi katikati ya uwanja, akaketi kando ya mpira. Mwinjuma akaketi. Asteria akatandika kanga yake, naye akaketi.

"Mnafanya nini sasa?" Gadi akauliza.

"Tumekuja na viti," Asteria akasema. "Si ulisema? Chezeni."

Nani atacheza, na mpira uko katikati ya makalio matatu? Jua likapanda, vijana wamesimama, wazee wameketi wamenuna kama mafiga, kila mmoja mkono mmoja juu ya mpira. Mwishowe wote wakanigeukia.

"Wewe mwenye chaki," Kobelo akaniita. "Panda uandike."

Nikapanda juu ya pipa. Mimi, ambaye sijawahi kukosea alama, nikaliangalia lile tofali, na mkono ukagoma. Tofali lina nafasi ya jina moja. Nililipima kwa vidole, mawili hayaenei. Nikashuka.

Chini bado wameketi, hakuna anayeachia. Nyinyi mliosikia hayo yote mmekaa raha mustarehe, nami nimechoka kubeba. Aliyeuokota mpira, aliyesimama, na aliyerusha: chaki hii hapa, tofali lile pale. Ungeandika jina la nani?