Mwalimu wa Kulala Juu ya Fito

Mwaka ule mvua iliposahau njia, nyasi zilikwisha nchi nzima isipokuwa mahali pamoja: ndani ya viota vya kuku. Binadamu walikuwa wamehama kutafuta maji, wakaacha banda lenye fito tatu za kulalia na, chini yake, mitungi mikuukuu iliyolazwa ubavu. Kuku waliijaza mitungi hiyo nyasi laini wakataga humo. Tatizo ni kwamba walilala humo humo pia.

Sungura ndiye aliyekuwa mwerevu kuliko wanyama wote. Habari hiyo aliwapa yeye mwenyewe. Siku hizo alikuwa bado na mkia mrefu wa manyoya, akiutunza kuliko alivyowatunza wajomba zake. Lakini werevu haushibishi, na sasa ilikuwa siku ya tatu anatafuna magome.

Alipofika bandani alimkuta Bi Koo, kuku mkongwe, akilia mbele ya mtungi.

"Shikamoo, Bi Koo. Kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu. Mayai viza tena! Tunayalalia wote, tunayachafua, tunayavunja. Hakuna yai zima la kuatamia. Msimu huu tukikosa vifaranga, ukoo wetu umekwisha."

Sungura alichungulia nyasi nyuma ya Bi Koo, akameza mate. "Na fito zile juu ni za nini?"

"Za kulalia. Bibi zetu walilala juu. Sisi tumezoea chini, kuna joto."

"Basi mmempata mwalimu. Mimi nimefundisha kulala juu ndege wa nchi nne," alisema Sungura, ambaye hajawahi kulala juu hata ya kichuguu.

Jogoo alikunjua shingo. "Na mimi nifundishwe? Mimi ninayeamsha jua?"

"Wewe, bwana mkubwa, utakuwa kiranja."

Jogoo akavimba kifua, akaruka wa kwanza, akaanguka wa kwanza. Alieleza kwamba ufito ndio ulioteleza.

Sungura aliweka masharti mawili. La kwanza, kila magharibi mitungi izibwe kwa matawi ya mgunga, yenye miiba mirefu, ili mtu asirudie tabia ya zamani. La pili, aliyekwisha kupanda asishuke mpaka kuche, hata akisikia kilio, hata akiitwa na mwalimu mwenyewe. Kuku waliona hayo ni masharti ya hekima. Kumbe yalikuwa masharti ya tumbo: giza likiingia kuku haoni hata mdomo wake, na Sungura alitaka kusogeza tawi, ale nyasi, aende zake bila kuulizwa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Jioni za kwanza aliwabeba kuku mmoja mmoja, akawapanga juu ya fito. Akimpandisha wa mwisho, wa kwanza keshashuka. Alikuwa akiwaita kutoka chini kuwapima, "Njooni, kuna mchwa!" na anayeshuka aligombezwa mbele ya wenzake. Bi Koo aligombezwa mara mbili mbele ya wajukuu, akaapa hatarudia. Mwisho wa juma wote walilala juu wenyewe, na mayai yakaanza kuwa safi. Sungura alishangaa sana kuona uongo wake unafanya kazi.

"Mwalimu, mayai ni mazuri," Bi Koo alimwambia. "Lakini mbona nyasi zinapungua?"

"Nyasi zisipolaliwa husinyaa kwa huzuni, Bi Koo."

Bi Koo akazionea huruma nyasi.

Sungura alinenepa. Katika nchi yenye ukame, unene hausitiriki. Fisi, mlafi asiyebagua, alimwona akipita na mashavu yake, akajisemea, "Huyu anakula wapi?" Akamfuata kwa mbali.

Jioni hiyo Sungura alishindwa kungoja. Aliingia mapema katika mtungi wa mwisho uliobaki na nyasi, akajifunika, akaanza kutafuna. Kuku walikuja, wakapanga mayai pembeni. Jogoo, kiranja mwenye bidii, alishindilia matawi ya mgunga midomoni mwa mitungi yote, barabara, kama alivyofundishwa. Wakapanda fito zao. Sungura alipotaka kutoka, miiba ilimpokea puani. Alirudi nyuma, na mkia wake ukatokea kwenye tundu la kitako cha mtungi.

Punde akasikia mtu ananusa. Fisi alikuwa amezitazama fito, akaona ziko juu mno, sasa alikuwa anazunguka mitungi.

"Humu mna nani?"

"Hamna mtu," Sungura alijibu kwa sauti nyembamba. "Ni mayai viza tu."

"Viza nakula."

"Yameoza kabisa, yananuka!"

"Hayo ndiyo nayapenda," alisema Fisi, akaudaka mkia.

Sungura alipiga yowe. "Bi Koo! Jogoo! Shukeni, nakufa!"

Juu ya fito palisikika kicheko cha furaha. "Wanangu, mtihani huo!" alisema Bi Koo. "Asishuke mtu. Safari hii hanipati ng'o!"

"Si mtihani! Jogoo, wika, Fisi atadhani kumekucha!"

"Mimi huwika kwa miadi ya jua," alijibu Jogoo, "si kwa amri ya mwalimu."

Fisi akavuta. Sungura alihisi kila kifundo cha uti wake kikiachana, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona uongo wowote wa kumsaidia. Akalia ukweli. "Mimi si mwalimu! Sijapanda ufito hata siku moja! Nyasi zenu nimezila mimi, na masharti yote niliyatunga ili nile kwa raha!"

Jogoo akakunjua shingo gizani.

"Yaani," Jogoo aliuliza polepole, "mimi, ninayeamsha jua, nimeanguka mara saba kwa ajili ya tumbo lako?"

Kwa hasira akawika, mitungi ikatetemeka. "Kumekucha mara hii!" Fisi alishtuka, akatimua mbio huku meno kayabana, na mkia akaondoka nao.

Kulipokucha kweli, kuku walishuka wote wazima. Bi Koo aliondoa miiba, akamtazama Sungura, kisha akatazama mitungi isiyo na nyasi na mayai kumi na mawili safi.

"Naatamia leo, mwalimu. Nyasi hakuna nchi nzima. Wewe una kitu gani laini?"

Sungura alijitazama. Akaanza kuchuna manyoya ya tumbo lake, konzi kwa konzi, akiyapanga mtungini. Alikumbuka kwamba katika darasa zima aliyelala kiotani ni mwalimu peke yake, akajicheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa mengine yalikuwa ya mkia.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga kumi na mmoja, wakikanyagana juu ya manyoya yake. Sungura alikuja kuwaona, tumbo wazi linatetemeka kwa baridi, nyuma kimebaki kishungi tu.

"Bi Koo," alinung'unika, "nyote mmenishukuru kwa mafunzo. Lakini mbona hata mmoja hajaniambia pole?"

Bi Koo alimfunika kifaranga wa mwisho kwa bawa.

"Mwiba wa kujichoma, mwanangu, hauambiwi pole."