Asiyehesabiwa Hatafutwi

Asiyehesabiwa hatafutwi. Mmeisikia leo kwa mama yenu, alipokuwa akimgombeza Shija anayetaka kutorokea machungani siku ya sensa, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni vizuri, na Shija asogee mbele. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, hapa kwetu Mwabuluda, watu hawakuhesabu watoto. Ukimwuliza mtu anao wangapi, alikujibu, "Wapo," akabadili mazungumzo. Iliaminika kwamba ukitaja idadi, kifo nacho kinasikia, na kikisikia kinakuja kudai fungu lake. Hata vifaranga hatukuhesabu; mwewe akibeba mmoja, mwenye kuku ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Msicheke. Aliyezika hachekwi kwa kuogopa.

Aliyeishika imani hiyo kuliko wote ni bibi mmoja aliyeitwa Nyanzobe. Wanawe wote aliwazika, akabakiwa na mjukuu wa kike, Limi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Bibi yule alimpenda mpaka akawa anamfuata kisimani, mtoto akibeba ndoo na bibi akibeba wasiwasi.

Ulipofika mwaka wa sensa, Nyanzobe alieneza habari kwamba Limi amekwenda kwa shangazi yake mjini. Siku ya karani kupita, asubuhi, alimvusha mto, akamficha ndani ya majabali ya ng'ambo pamoja na mbuzi wao, akamwachia viazi vya kuchemsha. Alimwonya asitoke wala asimwitikie mtu yeyote mpaka asikie sauti yake yeye bibi. Karani alipofika, kijana mpole tu, aliandika alichoambiwa: kaya hii ina mtu mmoja.

Kabla bibi hajapata nafasi ya kumrudia mtoto, mvua iliyonyesha mbali huko juu ilileta maji, mto ukafurika. Watu wote walikimbilia shuleni, kule kilimani, na karani naye akakimbia suruali mkononi. Luhende, balozi wetu wa nyumba kumi, alikusanya vijana wenye nguvu na kamba ndefu, akapita kaya baada ya kaya palepale shuleni kuuliza ni nani hayupo ili akatafutwe. Alipofika kwa Nyanzobe alimwambia ashukuru, kwani yeye yupo na Limi yuko salama mjini. Basi kijiji kilikuwa kimetimia. Vijana wakaanza kukunja kamba.

Nyanzobe aliitazama ile kamba. Baadaye alisimulia kwamba aliona wazi jambo moja: akitaja, kifo kitasikia, lakini asipotaja, hakuna mtu yeyote atakayesikia.

"Luhende," alisema, "usikunje kamba. Kwangu tuko wawili."

"Wa pili ni nani, mayu, mama yangu?"

"Limi. Yuko kwenye majabali ng'ambo. Nilimficha asihesabiwe."

Luhende hakumlaumu, maana hapakuwa na muda wa lawama. Vijana walishikana kwenye kamba, wakavuka maji yakiwafika kifuani, wakaita mbele ya majabali mpaka sauti zikawakauka. Kimya. Mtoto alikuwa mtiifu kupita kiasi, na maji yalikwisha kuanza kuingia mle ndani. Ndipo Luhende, aliyebaki upande wa huku, alipombeba Nyanzobe mgongoni na kumshusha ukingoni. Bibi akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Limi, ni mimi. Toka, mjukuu wangu. Umeshahesabiwa."

Kichwa kikachomoza katikati ya mawe, kimelowa, na nyuma yake mbuzi. Watu tuliokuwa kilimani tulipiga vigelegele mpaka wanaume nao wakapiga, jambo ambalo si kawaida yao. Mimi nililia, wala sioni haya kuwaambia. Alipoletwa, bibi yake alimkumbatia, akampapasa kichwa, masikio, vidole, kisha akamkokota moja kwa moja hadi kwa karani, ambaye suruali yake ilikuwa bado inachuruzika.

"Futa mmoja," alimwambia. "Andika wawili. Huyu anaitwa Limi."

Kifo hakikuja. Limi alikua, akaolewa, akazaa, na Nyanzobe alipozeeka kabisa alikuwa akihesabu vitukuu wake kwa sauti kila wakati wa chakula. Mgeni akipita, naye alihesabiwa, akapewa ugali.

Naam, Shija, unasemaje?

"Babu, nitamsubiri karani apite, ndipo niende na mbuzi."

Vizuri. Mbuzi watakula tu hata wakichelewa. Lakini mtu, mwanangu, asiyehesabiwa hatafutwi.