Ufunguo wa Pimbi, Ruhusa ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Paliuma!

Pakapoa!

Haya, sogeeni. Hadithi hii aliniachia marehemu mama, aliyekuwa muuguzi, na kila nikiisimulia nasikia tena harufu ya spiriti kwenye kanga zake. Leo nimemkumbuka sana, nisiwafiche.

Enzi hizo msitu mzima ulikuwa na zahanati moja. Daktari alikuwa mmoja, Kiboko. Afisa tabibu alikuwa mmoja, Pimbi, kiumbe mdogo wa kuenea kwenye kikapu. Pimbi alizalisha, Pimbi alifunga vidonda, Pimbi alichoma sindano. Lakini dawa ya maumivu makali, ile ya kabati la kufuli mbili, hakuruhusiwa kumwandikia mgonjwa. Sheria ilimtaja daktari peke yake. Ufunguo anao Pimbi, ruhusa anayo Kiboko.

Naye Kiboko alikaa mtoni. Ukitaka akuandikie dawa, umfuate na miwa. Muwa mmoja, hakuoni. Miwa miwili, anakutazama kwa jicho moja. Mzigo mzima, kacha! kacha! kacha! anatafuna mpaka uishe, ndipo anaandika.

Sasa Bibi Kobe, aliyewaimbia watoto wote wa msitu ule tangu wakiwa mgongoni, alipata uvimbe chini ya gamba, ule usiopona. Usiku halali, mchana halali. Na kwa mwendo wake, mtoni hafiki.

"Mwanangu," alimwambia Pimbi, "siombi kupona. Naomba nilale."

Pimbi akakimbia mtoni, tuku, tuku, tuku. Akaeleza kwamba dawa ile anaijua, kipimo chake anakijua, hatari zake kazisomea. Kiboko akacheka kinywa wazi.

"Ufunguo unao, ruhusa huna. Mgonjwa aje mwenyewe, na miwa yake."

Pimbi hakubishana. Kwenye kicheko kile alikuwa ameona jino la nyuma, jeusi tii. Akarudi akawaambia wagonjwa wote wampelekee daktari miwa, tena ile mitamu kabisa. Wakapeleka. Kacha! kacha! kacha! Siku ya tatu jino likaamka, ndu! ndu! ndu!

Kiboko akaja zahanati mwenyewe, shavu limevimba, anataka dawa ya kabati.

"Shikamoo, daktari," alisema Pimbi. "Nani kakuandikia?"

Kiboko akasema anajiandikia. Pimbi akamwonyesha sheria ukutani: daktari hajiandikii. Basi aandike daktari mwingine. Mwingine hayupo, Kiboko alikwisha kuwafukuza wote wasije wakagawana naye miwa. Ndu! ndu! ndu!

Kiboko akasalimu amri. Akasema Pimbi aruhusiwe, ila kwa leo tu, na kwa Kiboko tu.

Pimbi akakuna sikio. "Sawa, daktari. Ila ruhusa hubandikwa mlangoni. Wote watasoma kwamba bwana wa mto kalizwa na jino. Tukiandika kwamba afisa tabibu amwandikie yeyote mwenye maumivu makali, nani atajua ni wewe?"

Kiboko akapiga muhuri, pwa! Hata kusoma hakusoma.

Pimbi akampima vizuri, akamwandikia vidonge viwili vya kawaida, akaling'oa jino. Kiboko akanung'unika kwamba alitaka ile ya kabati. Pimbi akamjibu kwa adabu kwamba jino halijafika huko. Kisha akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili, akampelekea Bibi Kobe dawa yake.

Bibi Kobe akalala. Alipoamka akaomba uji, akawaimbia watoto. Aliishi miezi miwili tu, lakini aliimba yote miwili.

Mama akifika hapa alikuwa ananyamaza kidogo. Nilikuwa mdogo, nikidhani amesahau. Kumbe alikuwa anawakumbuka wale aliowashika mkono, kabati likiwa pale pale, na ufunguo mfukoni mwake.

Funzo, wanangu: sheria ni sheria, msiiguse. Ngojeni tu imuume anayeilinda.

Hadithi imekwisha. Mezeni mara moja kwa siku, baada ya chakula.