Sauti ya Nyamizi

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda, leo nawaachia nyinyi.

Palikuwa na watu watatu waliompenda marehemu Nyamizi, muuguzi wa Tabora. Mama yake, Kalunde, alikuwa na masikio makali. Mumewe, Masele, hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Rafiki yake, Kabula, aliweza kusema mbele ya wakubwa bila kutetemeka.

Enzi za uhai wake, Nyamizi aliiruhusu kampuni moja irekodi sauti yake kwa matangazo ya chanjo. Mwaka mmoja baada ya mazishi, Kalunde alikuwa sokoni akichagua dagaa. Redio ya dukani ikawa inanadi dawa ya kupunguza unene. Mama akaangusha kikapu.

"Huyo ni mwanangu!"

"Sauti hufanana, mama," watu wakambembeleza.

"Mnamjua kuliko mimi niliyemzaa?"

Kumbe kampuni ilikuwa imeifundisha kompyuta kumwiga. Bila masikio ya mama, nani angegundua?

Masele akapekua makabrasha siku mbili. Chini ya kadi za kliniki akaupata mkataba: sauti itumike kwa chanjo tu. Bila karatasi ile, kampuni ingekana mchana kweupe.

Kabula akaupeleka mkataba kwenye ofisi ya kulinda taarifa za watu. Akaambiwa sheria inawalinda walio hai. Akarudi, akaambiwa kanuni za kompyuta bado zinaandikwa. Mara ya saba akamwambia afisa, "Marehemu hawezi kuja kulalamika, ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuja mimi." Shauri likasikilizwa, wakashinda.

Wote watatu wakaitwa ofisini.

"Sauti yote itafutwa kwenye mitambo ya kampuni," afisa akasema. "Inaruhusiwa kubaki nakala moja, kwa mtu mmoja. Kumsikilizisha mwingine ni kosa."

"Hatuna nyingine," Masele akasema. "Simu yake iliibwa wodini siku aliyofariki."

"Basi tugawane, baba," Kalunde akaomba. "Kila mtu maneno mawili matatu."

Afisa akainamisha kichwa. "Mama yangu, sheria sikuitunga mimi. Nikiipindisha kwenu leo, kesho kampuni itanitaka niipindishe kwao. Andikeni jina moja kabla ya saa tisa. Msipoandika, na hiyo nakala itafutwa."

Akaweka fomu na kalamu mezani.

"Mimi nilimzaa," Kalunde akasema polepole.

"Najua, mama," Masele akajibu. "Lakini nyumba yangu imekuwa kimya mno."

Kabula akaigusa kalamu, akaiacha. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyetaka kumnyang'anya mwenzake, na hakuna aliyeweza kusema, "Chukua wewe." Afisa naye akageukia dirishani.

Sasa ni saa tisa kasoro dakika tano, na fomu bado ni tupu. Haya, wenzangu, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?